Baridi ya alfajiri, jua la mchana: kuandaa gari la mbio na tairi zake kwa Juni na Julai Lubumbashi

Baridi ya Lubumbashi haikai siku nzima, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai anga huwa jeupe, hakuna wingu la kuifunika ardhi usiku, na alfajiri kipimajoto huteremka hadi nyuzi 6 au 7, siku nyingine chini ya hapo. Jua likishapanda, mchana ni nyuzi 25. Fundi wa Ulaya huliandaa gari kwa majira ya baridi mara moja na kazi imekwisha kwa miezi mitatu. Kwetu gari lile lile hupita majira mawili kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo kila kipimo kilichoandikwa daftarini bila saa na bila joto la hewa pembeni yake ni kipimo nusu.

Barafu yenyewe ipo, lakini si katikati ya mji. Hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kutuama bondeni. Ndiyo maana kwenye dambo (bonde la nyasi lenye majimaji) nyasi zinaweza kuwa nyeupe asubuhi wakati kilima cha jirani hakina kitu. Kwenye nyanda za juu za Katanga, Biano na Kundelungu, jalidi (umande ulioganda) ni jambo la kawaida la miezi hiyo. Na anayepakia gari kwenye lori kwenda kushindana Afrika Kusini akumbuke kwamba Johannesburg iko juu zaidi yetu, karibu mita 1,700, na usiku wa Julai huko maji ya kwenye ndoo yanaweza kuganda. Gari lililokaa salama Lubumbashi msimu mzima linaweza kupasuka bloku ya injini usiku wa kwanza wa safari.

Upepo wa tairi

Tuanze hapa kwa sababu ndipo muda mwingi hupotezwa na ndipo marekebisho hayagharimu hata faranga. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi hupanda na kushuka shinikizo kufuatana na joto. Kwa tairi ya mbio yenye upepo wa bari 1.6 (mtaani wanasema kilo moja na sita), kila nyuzi 10 hubadilisha karibu bari 0.09. Linaonekana dogo. Lakini tofauti ya alfajiri na mchana kwetu ni kama nyuzi 19, na gari la mbio husikia badiliko la 0.1.

Hesabu kamili si ngumu. Geji husoma tofauti kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje, na hewa ya nje Lubumbashi ina kama bari 0.88. Chukua namba ya geji, ongeza 0.88. Zidisha kwa joto jipya lililoongezwa 273, gawanya kwa joto la zamani lililoongezwa 273, kisha toa 0.88. Ukijaza 1.6 jioni ndani ya garaji yenye nyuzi 22, alfajiri ya nyuzi 6 utakuta karibu 1.47. Tairi haivuji, usiitafutie tundu. Ukijaza 1.6 alfajiri kwenye nyuzi 6 na gari likakaa kivulini hadi nyuzi 25, utakuta 1.77 kabla halijasogea hata hatua moja. Upande unaopigwa na jua ni mbaya zaidi: mpira mweusi ukifika nyuzi 40, geji itasoma karibu 1.9. Gari hilo hilo, tairi za kushoto 1.9 na za kulia 1.77, halafu dereva analalamika kwamba linavuta upande mmoja na fundi anafungua usukani. Funika tairi za upande wa jua kwa turubai jeupe au geuza gari. Hiyo ndiyo dawa.

Sasa jambo ambalo wengi hulisoma kinyume. Tunachotafuta ni upepo wa tairi ikiwa moto, tuseme bari 2.0. Alfajiri tairi haipati joto kubwa, labda ndani ifike nyuzi 55. Mchana inafika 80. Ukipiga hesabu kurudi nyuma, alfajiri ya nyuzi 6 utaanza na karibu 1.57, na mchana wa nyuzi 25 utaanza na karibu 1.55. Namba ni ile ile kasoro unywele! Kwa hiyo tatizo si kutafuta namba ya baridi na namba ya joto. Tatizo ni kuuacha upepo wa asubuhi ndani ya tairi hadi mchana. Anayeweka 1.57 alfajiri na asiguse tena ataingia raundi ya mchana na 1.74, na ikipata moto itapita 2.2, tairi itatembea kwa katikati tu na kuteleza. Pima na kurekebisha ndani ya dakika 15 za mwisho kabla ya kila raundi, tairi zikiwa hazijatembea na hazijakaa juani.

Mambo matatu yanayoharibu vipimo hivi. La kwanza ni maji ndani ya kompresa. Asubuhi yanakuwa tone, tairi ikipata moto yanakuwa mvuke, na upepo hupanda kuliko hesabu. Fungua koki ya chini ya tangi la kompresa kila siku hadi itoke hewa kavu, na weka kichujio cha maji kwenye bomba. Naitrojeni ya mtungi haina miujiza yoyote, faida yake kubwa ni kuwa kavu tu. Na ukijaza naitrojeni juu ya hewa ya zamani hujafanya kitu, lazima ujaze na kumwaga mara mbili au tatu. La pili ni geji. Tumia moja tu mwaka mzima, iwe ya kusoma hadi 0.05 au chini yake, na usiiache kwenye zege usiku. La tatu ni valvu: mpira mdogo wa ndani hukakamaa kwa baridi na kuvuja taratibu. Pitisha mate au sabuni, badilisha kiini, na weka kofia ya chuma. Ya plastiki haizibi chochote.

Mpira wenyewe

Tairi ya mbio isiyo na meno, na hata ile ya nusu mbio yenye michirizi michache, hutengenezwa kwa mpira unaofanya kazi ukiwa moto. Chini ya nyuzi 7 hivi unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani. Chini ya sifuri unaweza kuingia katika hali ya kioo: ukiupinda, unapasuka. Nyufa huanza ubavuni au kwenye mzizi wa meno, na hazirudi. Kwa hiyo tairi zilizolala kwenye kontena au lori lenye baridi kali usizitupe chini, usizibane kwa kamba, usiziviringishe, na kamwe usizivalishe kwenye rimu siku hiyo. Ziingize mahali penye nyuzi 15 au zaidi, ziache saa 24, halafu ndipo uvalishe. Ukingo unaokaa kwenye rimu ndio unaochanika kwanza ukivalishwa ukiwa baridi, na mchaniko huo hauonekani hadi tairi iteme upepo kwenye kona ya kasi.

Kwenye zege au lami baridi, kosa la kwanza la dereva ni kukimbia mzunguko wa pili kana kwamba ni wa sita. Uso wa tairi unasuguliwa na kupata joto, lakini kiini bado ni baridi. Uso unachanika vipande vidogo vinavyojikunja kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Ukipitisha mkono unasikia chembechembe, na mshiko unapungua badala ya kuongezeka. Wengi hudhani tairi imekwisha. Haijaisha: ukitembea polepole mizunguko miwili au mitatu bila kuipinda sana, uso husafika. Lakini ukiendelea kulazimisha, utaivua mpira mpaka chini.

Ili kiini kipate moto, kuyumbisha gari kushoto na kulia nyuma ya gari la usalama kunasaidia kidogo sana. Kinachosaidia ni breki: funga kwa nguvu, kanyaga gesi, funga tena, mara sita hadi nane. Diski inapata moto, rimu inapata moto, na joto huingia ndani ya tairi kutoka katikati. Ukiwa na magurudumu ya nyuma yanayokataa kupata moto, zidisha pembe ya ncha za magurudumu kuangalia ndani kwa milimita 1 au 2, na punguza kidogo ulalo (gurudumu kuinama ndani upande wa juu) wa magurudumu ya mbele, kwa sababu tairi baridi haijipindi vya kutosha kutumia ulalo mkubwa wa siku za jua kali. Kupunguza upepo kwa 0.05 hadi 0.1 ili tairi ijipinde zaidi na kupata moto kunafaa. Kupunguza zaidi ya hapo kunahatarisha rimu na ukingo.

Blanketi za umeme ni nzuri kama una umeme. Seti ya nne inataka kama kilowati 4, kwa hiyo jenereta ya kVA 6 ndiyo ya chini kabisa, na usiitegemee laini ya mtaa siku ya mbio. Anza na nyuzi 60 kwa dakika 30, panda hadi 80, jumla iwe kama saa moja na nusu. Zungusha gurudumu robo mzunguko kila dakika 20 ili pasiwe na sehemu iliyokalia ardhi ikabaki baridi. Toa blanketi dakika ya mwisho, si wakati kamisaa anapokuja kukagua mikanda. Kwa baridi ya nyuzi 6 na upepo unaovuma, uso hupoteza moto wake haraka mno. Upepo wa tairi iliyo ndani ya blanketi hurekebishwa ikiwa moto, kwa namba ya moto. Ukirekebisha kwa namba ya baridi umeitoboa mwenyewe.

Ukitoka, pima kwa kipimajoto cha sindano, si kile cha kuelekeza mwanga, ambacho husoma uso tu. Choma milimita 3 hivi, sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Anza na gurudumu linalobeba mzigo mkubwa na maliza zote nne kabla ya dakika mbili. Katikati ikiwa moto kuliko pembeni, upepo ni mwingi. Pembeni zote mbili zikiwa moto kuliko katikati, upepo ni mdogo. Ndani ikizidi nje kwa nyuzi zaidi ya 10, ulalo ni mkubwa mno kwa baridi hiyo.

Kwenye rali ya vumbi hesabu ni tofauti. Laterite (udongo mwekundu mgumu) ya asubuhi ina umande juu na ugumu chini. Mpira laini hushika vizuri na hauchakai. Kuanzia katikati ya asubuhi umande umekauka, changarawe imejitokeza, na mpira ule ule huliwa kama sabuni. Kama kanuni zinakupa seti mbili, laini iende hatua (vipande vya rali) za kwanza na ngumu ibaki kwa mchana, hata kama dereva anaipenda ile laini.

Neno moja kuhusu tairi za okazio, yaani za mtumba. Kati ya zinazoletwa kutoka Ulaya nyingi ni za theluji: zina alama ya mlima wenye vilele vitatu na kitone cha theluji ndani yake, na meno yamekatwakatwa michirizi myembamba kama ya wembe. Muuzaji atakwambia ni za baridi, na hadanganyi. Ila ni za baridi ya nyuzi 0 siku nzima. Mchana wa nyuzi 25 meno hayo hulegea, hupinda na kuchemka, na gari linayumba kama liko kwenye matope. Na zile zenye misumari za rali ya Sweden, zenye misumari 384 kwa kila tairi, ni za barafu nene na theluji iliyoshindiliwa. Kwenye lami ya Lubumbashi hazina kazi. Kabla ya kulipa tairi yoyote ya okazio soma tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa mbio uliopita miaka mitatu umeshakuwa mgumu hata kama meno yake ni mapya, na baridi huuanika ugumu huo wazi.

Maji kwenye radieta

Njia nyingi za mbio hukataza antijeli (dawa ya kuzuia maji kuganda), kwa sababu ikimwagika kwenye lami hutengeneza utelezi usiokauka. Kwa hiyo magari mengi ya mbio hutembea na maji matupu na dawa kidogo ya kuzuia kutu. Mjini Lubumbashi hilo linapita. Ukipanda Biano, au ukilala safarini kusini, maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9 na hakuna chuma kinachoyazuia: vizibo vya bloku huruka ukiwa na bahati, bloku hupasuka ukiwa huna.

Una njia mbili. Kama kanuni zinaruhusu, theluthi moja ya antijeli na theluthi mbili za maji hulinda hadi kama nyuzi 17 chini ya sifuri, na hiyo inatosha kwa eneo lote hili. Nusu kwa nusu hulinda hadi karibu 37 chini, lakini hupunguza uwezo wa maji kubeba joto, na mchana wa nyuzi 25 utaona sindano ikipanda. Hakuna sababu ya kuzidisha. Kama kanuni zinakataza, mwaga. Kumwaga radieta peke yake ni kosa la kawaida: fungua pia kizibo cha pembeni mwa bloku, fungua hita kama ipo, kisha puliza kwa hewa ya kompresa yenye shinikizo dogo hadi pasitoke tone. Maji yaliyobaki ndani ya pampu yanaganda na kukata mapanga yake asubuhi unapowasha. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani chenye maandishi HAKUNA MAJI, kwa sababu kuna mtu ataliwasha.

Maji ya bomba na ya kisima ya kwetu yana chokaa nyingi, huacha ukoko mweupe ndani ya bloku. Tumia maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea batri, lakini soma chupa: madukani jina hilo hilo hutumika kwa asidi ya batri. Antijeli ni sumu na ladha yake ni tamu. Usiiache kwenye bakuli wazi ambapo kuna mbwa au watoto.

Themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye radieta hadi yapate moto, irudi mahali pake. Wengi huitoa kwa imani kwamba gari litapoa zaidi, na mchana pengine ni kweli, lakini alfajiri injini hukimbia na maji ya nyuzi 50: pistoni hazijatanuka, oili haichemki unyevu wake, na petroli huosha kuta za silinda. Weka themostati ya nyuzi 82 hivi iliyotobolewa tundu la milimita 3 ili hewa ipite. Kama bado maji hayafiki 80 ukiwa unatembea, funika theluthi moja ya radieta kwa tepu nene, upande mmoja na si katikati, na ongeza hadi nusu ikibidi. Fanya vipande vitatu vinavyovuliwa kimoja kimoja, kwa sababu vyote lazima viwe vimeondoka kabla ya raundi ya mchana. Mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina. Gari lililochemka Julai mara nyingi limechemka kwa sababu ya tepu ya asubuhi.

Kaza tena mikanda ya chuma ya mipira ya maji gari likiwa baridi. Mpira ukikakamaa huvuja alfajiri, kisha ukipata moto huziba, na mchana utautafuta uvujaji usiupate.

Oili, na jinsi ya kupasha injini

Oili inayouzwa zaidi kwetu, 20W-50, haitaganda Lubumbashi. Lakini kwenye nyuzi 6 inamiminika kama asali. Ikiwa injini ina nafasi ndogo kwenye beringi zake, shuka hadi 10W-40 au 5W-40 ya sintetiki kwa miezi hii miwili. Ikiwa mtengenezaji wa injini alitaka 50 au 60 kwa joto, usibadilishe namba ya pili. Tafuta yenye namba ya kwanza ndogo.

Oili nzito ikisukumwa kwa nguvu, shinikizo hupanda sana, na filta inaweza kuvimba au kufungua njia yake ya pembeni na kupitisha uchafu. Kwa hiyo washa, shikilia mizunguko 1,500 hadi 1,800 kwa dakika, si chini ya hapo kwa sababu kamshafti hulainishwa na oili inayorushwa, na usipite 2,500 hadi oili ifike nyuzi 60. Mbio zisianze chini ya 80. Angalia geji ya oili, si ya maji: maji hufika 80 dakika nyingi kabla ya oili. Alfajiri ya Julai hesabu dakika 12 hadi 15. Kipoza oili kisicho na themostati yake kifunikwe kizima kwa kadibodi asubuhi, na kadibodi itoke pamoja na tepu.

Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando mweupe kama maziwa ya mgando, usikimbilie kusema gasketi imekufa. Mara nyingi ni unyevu wa injini isiyopata moto. Ifikishe oili 100 kwa muda, pangusa, angalia tena. Ukirudi na maji yamepungua, hapo ndiyo gasketi.

Mbabula ya makala (jiko la mkaa) chini ya bakuli la oili: usifanye. Kuna petroli, kuna nyaya, na ndani ya garaji iliyofungwa kwa sababu ya baridi gesi ya makala huua bila harufu. Kuna mikeka ya umeme ya kubandika chini ya bakuli au tangi la oili. Ichomeke usiku kucha. Bila umeme, mwaga oili jioni ikiwa bado vuguvugu ndani ya bidoni safi la chuma, ilale ndani ya nyumba. Alfajiri chovya bidoni kwenye sufuria ya maji moto, halafu rudisha. Ni kazi ya kizamani, lakini ni nzuri.

Giaboksi nayo ni baridi. Gia ya pili itakataa kwa kilomita tatu za kwanza kwa sababu oili nzito huzuia pete zisiunganishe mwendo. Usiilazimishe, bonyeza klachi mara mbili. 75W-90 badala ya 80W-90 humaliza nusu ya malalamiko hayo.

Batri, kabureta, breki

Batri ya risasi iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7 baada ya kupumzika saa kadhaa. Ikisoma 12.0 imebaki na robo tu, na batri tupu huganda kwenye nyuzi chache chini ya sifuri wakati iliyojaa haigandi hata 50 chini. Usiku wa jalidi, batri iliyojaa inaweza kubaki garini, tupu isibaki. Zile nyepesi za lithiamu zina mambo mawili: kamwe usizichaji chini ya nyuzi 0, na zikizunguka kivivu asubuhi, washa taa dakika mbili tatu kwanza. Zinajipasha zenyewe kwa kutoa umeme, na jaribio la pili huwa na nguvu kuliko la kwanza.

Hewa ya nyuzi 6 ina uzito wa asilimia 7 zaidi ya hewa ya nyuzi 26. Injekta zenye kipimo cha joto la hewa hujirekebisha, ilimradi aliyepanga kompyuta alijaza jedwali hadi nyuzi 0. Wengi huishia 15 na kuacha mstari wa chini tupu. Kabureta haijirekebishi. Alfajiri mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu kwa asilimia 3 au 4, na injini inayokimbia na petroli pungufu hutoboa pistoni. Jeti (kitundu kinachopitisha petroli) basi ichaguliwe alfajiri, kwenye hewa nzito. Mchana itakuwa na petroli kidogo zaidi, na hasara yake ni buji (plagi) kuwa nyeusi tu. Kwa kuwa kupanda kutoka jeti 140 hadi 145 huongeza petroli karibu asilimia 7, mara mbili ya unachohitaji, tafuta ya 142 kabla ya kuruka. Gari likikataa kuwaka mara tatu, usiendelee: buji zimelowa. Zitoe, zikaushe, zungusha injini bila buji sekunde kumi, weka seti nyingine iliyokuwa mfukoni mwa koti ikipata joto. Petroli ya bidoni la pembeni ya barabara usiitie kabisa miezi hii. Bidoni nusu tupu hutoa jasho ndani kila alfajiri na jasho hilo huzama chini, penye mdomo wa pampu.

Pedi za mbio zinazopenda nyuzi 300 hazishiki chochote kwenye 6. Ziba matundu ya hewa ya breki kwa tepu kwa raundi ya kwanza, pasha kwa zile breki za kupasha tairi, na kwenye rali mpe dereva pedi laini zaidi mbele ikiwa hatua ya kwanza ni fupi. Usivute breki ya mkono ukipaki usiku wa jalidi. Weka gia na kabari. Shokapu fungua kliki mbili za skrubu ya kurudi kwa raundi ya kwanza, kisha irudishe mchana, na iandikwe daftarini.

Kioo na dereva

Ndani ya gari lisilo na hita kioo hujaa mvuke wa pumzi za watu wawili kabla ya kilomita ya kwanza. Paka sabuni ya vyombo kidogo ndani ya kioo jioni, ing'arishe kwa kitambaa kikavu, na acha dirisha la pembeni wazi kidole kimoja. Umande uliokuwa barafu nje ukwangue kwa kadi ya plastiki. Usimwage maji moto.

Dereva na mwongoza njia wavue makoti kabla ya kufunga mikanda. Koti nene chini ya mkanda hubonyea wakati wa ajali na mkanda unakuwa umelegea sentimita kadhaa. Wavae nguo za ndani zisizoshika moto, koti libaki mgongoni hadi dakika ya mwisho, na mikanda ikazwe tena baada ya hatua ya kwanza, kwa sababu asubuhi kila mtu hujikunyata.

Nati za magurudumu za M12 zenye rimu za alumini kaza kwa Nm 100 hadi 110 gari likiwa baridi, na rudia zote baada ya kilomita 10 za kwanza. Jioni, tairi zikishatoka, zioshe vumbi kwa maji matupu, zikauke, zifunge kila moja kwenye mfuko mweusi, punguza upepo hadi bari 1, na uzilaze ndani ya chumba mbali na jenereta na mashine ya kuchomelea, ambazo hutoa ozoni inayokausha mpira. Kwa chaki andika juu ya mfuko gurudumu lilikuwa wapi, raundi ngapi limekwenda, na joto la hewa lilivyokuwa lilipoanza na lilipomaliza.